Mali Ikuayo kama Mchikichi
(Hotuba iliyosomwa Ilagala siku ya Yubilei)



Tumetakiwa kusema machache juu ya mali, jinsi Mkristo aipatavyo na jinsi aitunzavyo. Huenda wako watakaoona kwamba habari hii si ya kanisani, yafaa sokoni. Lakini sokoni twaenda siku sita, na kanisani siku moja, wala hatukupewa roho mbili.

Hapa Ilagala, karibu na mahali Malagarasi uingiapo ziwani, mwalimu wetu wa mali ni mchikichi. Mti huu si mgeni. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, mawese yalikuwa yakiuzwa. Lakini utajiri uliosifiwa siku zile ulikuwa pembe za ndovu na watumwa, waliovushwa ziwani na kuswagwa kwa miguu hata pwani. Mali ile ilikuja upesi, nayo ilikuwa damu ya watu. Soko lile limekwisha. Mchikichi ungalipo, na watoto wetu wasoma kwa mafuta yake.

Basi tuutazame. Mche hukaa kitaluni kama mwaka mmoja. Ukihamishiwa shambani, mbegu bora iitwayo tenera, ambayo kituo cha utafiti cha Kihinga kimeizalisha, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Ile ya asili hukawia zaidi. Miti hupandwa mbalimbali, kiasi cha meta 9 baina ya mmoja na mwingine. Mwenye pupa huona nafasi ile ni hasara, akaisongamanisha; miaka ikipita majani yagombea jua, naye avuna haba. Mwenye akili hupanda mihogo na maharagwe katikati, akala, akangoja. Akiisha kungoja, mti humzalia miaka 25 na zaidi.

Wako pia waliongoja vema, kisha wakauza mafuta yangali juu ya mti. Mwezi wa njaa mchuuzi huja na fedha mkononi, nao huzipokea kwa nusu ya thamani. Tusimlaumu mchuuzi peke yake. Twajua ni ada ya shule, ni ugonjwa, na mara nyingine (tuseme kweli) ni arusi kubwa kuliko mfuko. Madebe mawili ya mawese yaliyofungwa vizuri na kuwekwa kivulini yangetosha kumpa mtu moyo wa kusema, “Rudi baadaye, bwana.”

Ndugu zetu wavuvi nao wana somo lao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwa kubwa, vyombo hupumzika. Pumziko hilo halimjii mtu kwa ghafula, maana mwezi waonekana na wote. Walakini fedha ya giza mara nyingi huisha kabla ya mwezi kujaa. Mwaka 2024 serikali ililifunga ziwa tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wazaane. Mwenye wavu tu, asiye na akiba wala shina la muhogo, miezi ile mitatu ilimwia mirefu.

Sasa twaja penye uchungu. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha kazi ya DECI, iliyoanzia Dar es Salaam na kuenea mikoani. Viongozi wake walikuwa wachungaji. Kutoa fedha kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Hapakuwa na shamba. Waliotangulia walilipwa fedha za waliowafuata, na wa mwisho wakabaki na karatasi. Mwaka 2013 mahakama iliwatia viongozi hatiani. Waliopoteza hawakuwa wajinga; walisikia maneno ya Injili, wakayaamini. Laiti wangaliuliza kama mkulima aulizavyo: mmea huu umekaa wapi, na nani aliupalilia? Hata katika mfano wa talanta, bwana yule alirudi baada ya siku nyingi.

Na sisi wazee wa kanisa hatuna budi kukiri. Mtu alipoleta sadaka kubwa tulimpa kiti cha mbele, wala hatukumwuliza ilikotoka. Mama aliyeleta chupa ya mawese, aliyoyakamua kwa mikono yake, tulimshukuru upesi na kumwita anayefuata. Watoto walituona, wakajifunza. Kosa hilo ni letu.

Kwa hiyo Yubilei hii hatukuomba fedha. Tumeomba kila nyumba ilete mche mmoja, upandwe nyuma ya kanisa. Miaka mitatu au minne hatutavuna kitu pale, na baadhi yetu tulio wazee hatutauona mkungu wa kwanza. Mashimo yamekwisha kuchimbwa, meta 9 baina ya moja na jingine. Mihogo ya katikati italiwa na watoto wa shule.