Tusikisie Ugonjwa: Maneno ya Mwanachama Siku ya Miaka Kumi ya Chama



Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Pili namshukuru Mama Mwenyekiti kwa kunipa nafasi hii. Aliniomba niseme juu ya mkopo wangu wa kwanza, ule wa mtaji wa dagaa. Nikamwomba radhi. Habari za mikopo mmezisikia kwa wengi tangu asubuhi. Mimi nitasema juu ya mkopo ambao sikuupata.

Ilikuwa mwaka wa sita wa chama chetu, nami nina umri wa miaka 43. Nilikuwa nikichukua dagaa Mwigobero alfajiri na kuwapeleka sokoni Bunda. Mwili ukaanza kunigeuka. Usiku jasho, mpaka shuka linalowa. Moyo unakwenda mbio hata nikiwa nimekaa. Mikono inatetemeka, nikipima dagaa kwa kopo wanamwagika. Nakula ugali sahani mbili, lakini magauni yanapwaya. Hedhi ikawa kidogo, kisha ikaruka mwezi, ikaruka na wa pili.

Jamani, huku kwetu kandokando ya ziwa mtu akisema joto na uchovu, jibu ni malaria. Nikanunua dawa ya mseto dukani, nikameza. Nikarudia mara tatu. Hakuna aliyenitoboa kidole, na mimi mwenyewe sikuomba nitobolewe. Baadaye nikaambiwa ni presha. Shoga zangu wakasema, "Umeanza kukoma hedhi, zoea." Kwa jinsi nilivyokonda, wengine wakanong'ona kuwa ni Ukimwi. Nikaenda kupima, majibu yakaonyesha sina. Lakini majibu hayatangazwi sokoni, na wateja wakapungua. Mwisho nikaambiwa nimetupiwa kitu. Nikaenda kwa mganga, nikatoa mbuzi na fedha. Mbuzi akaenda, jasho likabaki. (Kicheko)

Chekeni tu, hata mimi leo nacheka. Wakati ule nilikuwa nalia.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja, muuguzi mstaafu. Aliniuliza tangu lini, usiku nalala vipi, hedhi ikoje, na kama nina mimba. Akaniambia ninyooshe mikono, akalaza karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka kama jani. Akanipa maji nimeze huku akinitazama shingo. Akasema, "Mdogo wangu, nenda kapimwe tezi ya shingo. Usinunue dawa nyingine yoyote kabla ya hapo."

Pale nilipokwenda kipimo hicho hakikuwepo, nikaelekezwa niende Mwanza. Ndipo nikaja kwenye kikao kuomba mfuko wa jamii. Katiba yetu inasema mfuko ni kwa msiba na kwa mwanachama aliyelazwa. Mimi sikuwa nimelazwa. Nikaulizwa, "Unaumwa nini?" Nikajibu, "Sijui, ndicho ninachotaka kwenda kupima." Kikao kikaamua kuwa ugonjwa usio na jina hauna mkopo. Simlaumu mtu. Siku katiba ile ilipopitishwa, na mimi nilinyoosha mkono. Nikakaa miezi minne zaidi nikidunduliza nauli na fedha ya kipimo. Nilipopiga hesabu, vyote viwili havikufikia nilichompa mganga.

Sasa niwaeleze nilichojifunza. Mbele ya shingo kuna tezi yenye umbo kama la kipepeo. Wataalamu huiita thairoidi. Inatoa vichocheo, yaani homoni, vinavyoongoza kasi ya mwili: moyo, joto, uzito, na hata hedhi huguswa. Ikizidisha kazi, unakuwa kama nilivyokuwa mimi. Ikizembea, unasikia baridi, unachoka, unanenepa, choo kinakuwa kigumu, na hedhi inaweza kuwa nzito.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kinaitwa TSH. Hicho ni kichocheo kinachotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, kazi yake kuihimiza tezi ya shingo. Ni kama mweka hazina wetu: watu wakileta marejesho kupita kiasi, ananyamaza, wasipoleta, anapiga kelele. (Kicheko) Basi kwa kawaida TSH ikishuka sana, tezi ya shingo imezidisha. Ikipanda, tezi imezembea. Yangu ilikuwa chini kabisa. Nikapewa dawa ya kuipunguza tezi na nyingine ya kutuliza moyo. Baada ya wiki chache mikono ilitulia. Uzito ulichukua miezi. Hadi leo nahudhuria kliniki, kwa sababu dozi hubadilishwa kwa kufuata kipimo.

Lakini msitoke hapa mkasema kila jasho ni tezi. Hapo tutakuwa tumeacha kukisia malaria, tukaanza kukisia kingine. Mwenzetu mmoja wa Butiama, mwenye miaka 51, alikuwa na joto la usiku kama langu. Alipimwa, tezi yake nzima. Kwake kweli ilikuwa ni kukoma hedhi, na hilo si ugonjwa ingawa linasumbua. Mwenzetu wa Bunda alikuwa akitokwa damu nyingi na kuchoka, kila mahali anapewa dawa za kuongeza damu tu. Kumbe tezi yake imezembea, sasa anameza kidonge kimoja kila siku. Na mama ambaye hedhi imekoma mwaka mzima, kisha akaona damu tena, asiseme ni homoni zinacheza. Aende hospitali mapema akaangaliwe kizazi na mlango wake, maana saratani huweza kuanza hivyo.

Jambo jingine ni chumvi. Rovu lilikuwa limeenea sana katika baadhi ya mikoa yetu, hasa ya nyanda za juu, na katika miaka ya 1990 serikali iliagiza chumvi iwekwe madini joto. Tununue chumvi hiyo. Ila ni kinga ya upungufu, si dawa ya tezi iliyokwisha kuzidisha kazi.

Akina mama, sisi ni hodari wa madaftari. Hisa ya mwaka juzi unaijua mpaka shilingi ya mwisho, lakini hedhi yako ya mwezi uliopita huikumbuki. Kila mmoja awe na daftari la mwili: tarehe ya hedhi na siku zake, uzito, usingizi, na dawa alizokunywa. Ukifika kwa daktari, mweleze yote kwa mara moja, usimpe moja moja kwa aibu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Na ukiambiwa una ugonjwa fulani, uliza kwa heshima, "Daktari, ni kipimo gani kimeonyesha?" Hilo si utovu wa adabu.

Namalizia na ombi. Katika mkutano mkuu ujao nitaleta hoja kwamba kifungu cha mfuko wa jamii, pale kinaposema "msiba na kulazwa", kiongezwe maneno mawili tu: "na vipimo". Mtu anayetafuta jina la ugonjwa wake naye ni mgonjwa. Tukimsubiri mpaka alazwe, tutatoa fedha nyingi zaidi, na pengine tutazitoa kwa kifungu cha msiba. Siku hiyo naomba mikono yenu.

Chama chetu kidumu.