Kuchagua Chuo cha Uuguzi



Kijana wa Garissa aliyepata wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne asidhani kwamba mlango wa uuguzi umefungwa. Ni kweli kwamba shahada ya uuguzi katika chuo kikuu hutaka C+ au zaidi. Lakini stashahada, ambayo ni mafunzo ya miaka 3, humpokea mwenye C, mradi awe amefaulu vema katika baiolojia na masomo mengine yatakiwayo. Chuo cha KMTC kina tawi lake papo hapo Garissa.

Wako wazazi wauzao mbuzi, hata ngamia, ili walipe karo ya chuo chenye jina kubwa. Kabla mnyama hajafika mnadani, mzazi na aulize neno moja: Je, Baraza la Wauguzi la Kenya limeyakubali mafunzo ya uuguzi ya chuo hicho? Bila kibali hicho mwanafunzi hapati kufanya mtihani wa Baraza. Na asiyeandikishwa na Baraza haruhusiwi kuuguza wagonjwa. Mali itakuwa imepotea, na miaka pia.

Tena stashahada si mwisho wa safari. Muuguzi aliyeandikishwa aweza kusoma shahada baadaye, akiwa na kazi mkononi. Na mama mjamzito atokaye Ijara atafarijika amsikiapo muuguzi akimwuliza hali kwa Kisomali.