Gari Likizima Majini, Usipige Stata

Maneno ya fundi wa magari kwa vikundi vya kujisaidia vya Kagio

Nimeombwa nizungumze juu ya magari na maji. Vikundi vingi siku hizi vina pikapu au lori dogo la kubebea nyanya, maharagwe na mchele mpaka soko la Kagio. Na mvua ikija, barabara nyingi za kushuka Mwea hugeuka kuwa mifereji.

Gari la kikundi ni pesa ya watu wengi. Mama aliyetoa shilingi zake kidogo kidogo kila wiki ana sehemu yake ndani ya ile injini. Kwa hiyo haya si maneno ya dereva peke yake. Mweka hazina naye asikilize.

Jambo ninalotaka mwende nalo nyumbani ni moja. Gari lililokuwa likienda polepole likazimwa na maji, mara nyingi injini yake bado ni nzima. Anayeiua ni mtu anayegeuza ufunguo tena.

KWA NINI MAJI HUVUNJA CHUMA

Injini hupumua kama sisi. Inavuta hewa kupitia eya kilina, pistoni inapanda na kuibana hewa hiyo, kisha moto unashika. Ukitaka kuelewa, chukua pampu ya baiskeli, uzibe tundu kwa kidole, usukume. Mpini utaingia, kwa sababu hewa hukubali kubanwa. Sasa jaza pampu hiyo maji, uzibe tena, usukume. Haiendi! Maji hayakubali kubanwa.

Tupige hesabu kidogo. Chukua injini ya dizeli ya lita 2.5 yenye silinda 4. Kama inabana hewa mara 20, basi pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni ya vijiko viwili vikubwa vya maji, basi. Maji yakizidi hapo, pistoni haina pa kwenda. Kitu kinachopinda ni konrodi, yaani kile chuma kinachoshikanisha pistoni na kranki. Injini ya petroli hubana kiasi cha mara 10, kwa hiyo ina nafasi kubwa zaidi, lakini nayo haiwezi kushinda maji.

Stata ikikwama mara moja, pengine hakuna kilichovunjika. Lakini silinda moja ikiwa imejaa maji na nyingine ishike moto, ule moto wote unasukuma chuma dhidi ya maji. Na vijana wakija kusukuma gari ili liwake, huo ni uzito wa gari zima unaopinda konrodi. Tafadhali, msikubali gari lililozima majini kusukumwa likiwa kwenye gia. Litolewe likiwa katika nyutro, kwa kamba. Kama ni otomatiki, lipakiwe juu ya gari lingine au magurudumu yanayoendeshwa na injini yainuliwe, maana kulivuta hivi hivi huharibu giaboksi.

JINSI YA KUTAFUTA UGONJWA

Gari likishafika pakavu, ondoa waya wa hasi wa betri. Kisha fuata hatua hizi kwa utaratibu. Usiruke hata moja.

Kwanza, muulize dereva: lilizima namna gani? Kama ni la petroli na lilikohoa, likatetemeka, likapoteza nguvu pole pole, pengine umeme tu umelowa. Kama lilisimama ghafla kana kwamba limegonga ukuta, fikiria maji ndani ya silinda. Dizeli haina plagi za cheche. Kwa hiyo dizeli ikizima ndani ya maji, ichukulie kuwa imekunywa maji mpaka uhakikishe vingine.

Pili, fungua eya kilina. Karatasi yake ikiwa kavu, na mpira unaokwenda kwenye injini ukiwa mkavu ndani, shukuru. Karatasi ikilowa au ikiwa na matope, usiguse ufunguo.

Tatu, vuta kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa imepanda kuliko kawaida, au ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia chini. Injini hiyo isiwashwe mpaka oili imwagwe yote na filta ibadilishwe.

Nne, kama ni umeme tu, yaani eya kilina ni kavu na oili ni safi, futa waya za plagi kwa kitambaa kikavu. Gari la zamani lenye distribyuta, fungua kifuniko chake ukaushe ndani. Magari mengi kati ya hayo huwaka baada ya hapo.

Tano, kama maji yamefika ndani, plagi zote zitolewe. Ondoa umeme wa koili na uzuie petroli isipulizwe, kisha rudisha betri na upige stata kidogo kidogo. Maji yatatoka kwenye matundu kwa nguvu, kwa hiyo uso wa mtu usiwe karibu, na asiwepo anayevuta sigara. Kwa dizeli ni lazima kufungua nozeli au plagi za kupasha moto. Hiyo ni kazi ya fundi. Maji yakiisha, tia oili kidogo katika kila silinda, zungusha tena, rudisha plagi, weka oili mpya na filta mpya, ndipo uwashe. Liache lingurume polepole kwa dakika chache, kisha angalia oili tena. Ikirudi kuwa nyeupe, imwage na uweke nyingine. Oili ya pili ni ghali, ndiyo, lakini si ghali kama injini.

LIMEWAKA, LAKINI JE, LIMEPONA?

Hapa ndipo vikundi vingi hudanganyika. Gari linawaka, watu wanapiga makofi, kesho linapakiwa nyanya. Konrodi iliyopinda kidogo inaweza kufanya kazi kwa siku nyingi, halafu siku moja inakatika na kutoboa ubavu wa injini. Sikiliza mgongo wa chuma unaogonga. Tazama kama linatetemeka likiwa limesimama, kama linatoa moshi wa buluu, kama limepungukiwa nguvu mlimani. Mwambie fundi apime mbano wa kila silinda. Silinda moja ikiwa chini kuliko wenzake, ifunguliwe.

Kuna na mengine. Giaboksi na difu huwa moto gari likitembea. Zikiingia ghafla katika maji baridi, hewa ndani yake hunywea na kuvuta maji kupitia kitundu cha kupumulia. Kwa hiyo oili zake nazo zitazamwe. Grisi ya beringi za magurudumu ibadilishwe kama magurudumu yalizama. Breki zikilowa hazishiki: endesha polepole ukikanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke. Dizeli yenye kichujio cha maji, fungua kile kizibo cha chini umwage. Na matope kwenye rejeta yaoshwe, la sivyo wiki ijayo mtasema gari linachemka bila sababu.

Magari ya miaka ya karibuni yana kompyuta, na mengine imewekwa chini, karibu na sakafu. Kama maji yalifika kwenye viti, usirudishe betri mpaka fundi wa umeme aangalie. Leo taa zitawaka vizuri, lakini baada ya mwezi kutu itakuwa imekula waya.

KAMATI IFANYE NINI?

Pendekezo langu ni hili, na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Dereva aliyesimamisha gari ukingoni akasubiri maji yapungue asikatwe pesa kwa sababu ya nyanya zilizochelewa. Tukimkaripia anayengoja, tunamfundisha kuingia. Na dereva ambaye gari limemzimia majini, akaacha ufunguo, akapiga simu, huyo amewaokoa. Pia someni karatasi ya bima. Bima ya mtu wa tatu pekee hailipi injini yenu.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko injini. Mito yetu, Thiba na Nyamindi, hutoka upande wa Mlima Kenya. Mvua inaweza kunyesha huko juu huku sisi tunaanika mahindi juani, na mto ukajaa ghafla. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelea gari dogo. Sentimita 60 huchukua magari mengi, hata pikapu. Na maji yakiwa ya matope huoni kama daraja lingalipo.

Mnakumbuka tarehe 4 Desemba 2021, mto Enziu kule Mwingi. Basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia kwenye daraja lililofunikwa na maji, na zaidi ya watu 30 wakafa. Watu walikuwa wamesimama pale wanatazama. Mvua za Aprili na Mei 2024 nazo zilichukua magari na watu katika sehemu nyingi za Kenya. Hakuna soko linalofungwa milele. Nyanya zikioza leo, shamba litazaa tena.

Kwa hiyo, kama maji yanakwenda kasi, usiingie hata kama wengine wanavuka. Kama yamesimama na hujui kina, ngoja au zunguka. Kama umejua kina na ni chini ya katikati ya gurudumu, ingia kwa gia ya kwanza, polepole, bila kusimama, na usifuate lori kwa karibu, maana wimbi lake ndilo litakaloingia kwenye eya kilina yako. Na likizima, toa ufunguo, mpe mwenyekiti auweke mfukoni mpaka fundi afike.

Kikundi chenye gari kikitaka kuonyeshwa eya kilina na kijiti cha oili, kileteni gari na dereva wake tufungue boneti pamoja, na akina mama wasibaki nyuma.