Suluhu ya Nyumba Nzima

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mokowe



Nashukuru kupewa nafasi hii ya kusema juu ya ugomvi wa nyumbani na njia ya kuutengeneza.

Pwani yetu imebadilika. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia kwa hasara iliyowapata kwa ajili ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari hiyo likafunguliwa. Riziki ikibadilika, nyumba nayo hubadilika.

Natuchukue mfano. Baba ni mvuvi, na samaki wamempungukia. Mama huuza mahamri penye maboti, na sasa yeye ndiye anunuaye unga. Kijana wao halali nyumbani, na watu wasema kwamba ameharibika. Huletwa barazani, akakemewa, akaomba radhi; baada ya mwezi mambo ni yale yale. Kwa nini? Kwa sababu baba na mama hawasemezani, na kijana ndiye achukuaye maneno baina yao. Ameukimbia mzigo usio wake.

Hapa ndipo ifaapo elimu iitwayo tiba ya familia, iliyoanza kuenea Marekani katika miaka ya 1950. Mshauri hatafuti mwenye kosa. Huwaketisha wote pamoja, akamsikiliza kila mmoja kwa zamu, akaangalia jinsi wanavyosemezana. Kisha huwasaidia kugawanya upya kazi na madaraka ya nyumba: baba na mama waambiane wenyewe yaliyo moyoni, na kijana atuliwe mzigo.

Jambo hili si geni kwetu. Sura ya Nisaa, aya ya 35, yaagiza kuwekwa mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke. Lakini katika mabaraza yetu wanawake mara nyingi husikilizwa mwisho, na vijana huitwa ili wahukumiwe tu.

Tena pana mpaka. Palipo na kupigwa, tusimketishe aliyepigwa mbele ya aliyempiga tukaiita suluhu. Sheria ya mwaka 2015 ya kuzuia ukatili wa nyumbani yampa haki ya kuomba ulinzi mahakamani. Tumpeleke huko kwanza.

Kwa hiyo naomba chama hiki kiwateue wanawake wawili na vijana wawili wakae pamoja na wazee katika kusuluhisha. Na kila nyumba ipatapo fedha au kazi mpya, ikutane na kushauriana mapema, kabla ugomvi haujaingia.