KUITAZAMA SERIKALI IKIFANYA KAZI

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama wa Idsowe



Tumeombwa tuseme juu ya jambo moja: mfanya kazi wa Idsowe anawezaje kuiona Serikali ikifanya kazi yake, hali yeye yuko hapa kando ya mto Tana, na Serikali iko Hola na Nairobi?

Tuanze na Hola, kwa kuwa ni ya kwetu. Tarehe 3 Machi 1959, watu 11 waliowekwa kizuizini katika kambi ya Hola walipigwa hata wakafa. Taarifa ya kwanza ya Serikali ya kikoloni ilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulitokea katika uchunguzi wa hakimu, na mwezi wa Julai Bunge la Uingereza likaujadili usiku wa manane. Maneno hayo yalisemwa London, kwa Kiingereza, na wazee wetu waliokaa kando ya mto huu huu hawakuwa na njia ya kuyasikiliza. Hayo ndiyo madhara ya serikali isiyotazamwa: hutenda gizani, kisha yenyewe ndiyo huandika habari.

Hata viongozi wetu wenyewe tulikuwa hatuwasikii. Mwaka 1957 Waafrika 8 wa kwanza walichaguliwa na watu kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Mmoja wao alikuwa Ronald Ngala wa Pwani, na mwingine Tom Mboya, mtu wa vyama vya wafanya kazi. Aliyetaka kuwasikia wakisema barazani ilimpasa afike Nairobi, apate kiti cha wageni, tena awe anajua Kiingereza. Kiswahili kiliingia Bungeni mwaka 1974. Na matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni kutoka Bunge letu yalianza mwaka 2008. Tusidhani ni sisi tu tuliochelewa, maana Baraza la Makabwela la Uingereza nalo lilianza kuonyeshwa katika televisheni mwaka 1989.

Basi Katiba ya 2010 ikaja. Kifungu cha 118 chasema vikao vya Bunge na kamati zake viwe wazi kwa wananchi. Kifungu cha 196 chasema hivyo hivyo kwa Bunge la Kaunti. Lakini kutoka hapa mpaka Hola ni zaidi ya kilomita 80, na mvua ikinyesha mnaijua hali ya njia. Kibarua gani ataacha ujira wa siku na kulipa nauli ili akasikilize kikao? Mlango uko wazi, lakini miguu haifiki. Hapo ndipo simu ya mkono inapofanya kazi ya miguu.

Tuwakumbushe lililotupata sisi wenyewe. Vibarua wetu walikaa miezi bila malipo. Kila tulipokwenda katika ofisi moja tuliambiwa fedha haikupitishwa. Tukarudi, tukaenda tena, jibu ni lile lile. Kijana mmoja wa chama akatafuta makadirio ya bajeti katika intaneti, akakaa na simu yake chini ya mwembe mpaka akaupata ukurasa. Fungu lilikuwapo, limepitishwa. Tuliandika barua yenye namba ya ukurasa ule, tukaweka nakala katika jalada letu. Malipo yalikuja kwa mafungu mawili. Wenzetu wawili walikuwa wamekwisha hama kutafuta kazi kwingine, na hata leo hawakupatikana. Barua ile tungaliiandika mapema, nao wangalilipwa.

Tazameni vile vile uchaguzi wa 2022. Fomu za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi katika intaneti, kila mtu aweze kuangalia ya kituo chake. Na mwezi wa Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipopita kwa kura 195 dhidi ya 106, wananchi walijua siku ile ile nani alipiga kura gani. Rais akakataa kutia sahihi. Lakini vijana wengi walikuwa wamekwisha kupoteza maisha barabarani, nasi tunawataja kwa heshima.

Hata hivyo, ndugu, tusiiabudu mitambo. Dirisha laweza kufungwa na aliye ndani. Januari 2016 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja, ikataja gharama. Hapa kwetu, Januari 2018, vituo vikubwa vya televisheni vilizimwa siku ya kiapo cha Uhuru Park. Na tarehe 25 Juni 2025 vituo viliamriwa viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, mpaka Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo. Tena kuna dirisha linalofungwa polepole bila amri: fedha ya kununua data, mtandao unaopotea, na karatasi za kurasa nyingi kwa Kiingereza kigumu.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, tuchague wanachama watatu, na mmoja wao awe mwanamke, wasome kwa niaba yetu na kutueleza kwa Kiswahili. Makadirio ya kaunti hupelekwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti hutolewa wazi. Data yao ilipwe na mfuko wa chama. Pili, tunyimwapo habari, tuombe kwa barua. Sheria ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Tatu, yote yaandikwe katika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na simu ikizimika daftari haizimiki.

Kutazama peke yake hakumlipi mtu mshahara. Anayelipwa ni yule aliyeona, akaandika, akauliza akiwa pamoja na wenzake.

Umoja ni nguvu.