Shahamu ya Mnyama na Injini ya Dizeli
Shahamu ya mnyama si kitu kigeni katika pwani yetu, kwani tangu kale mafundi wa majahazi wameichanganya na chokaa ili kupata deheni ya kupaka chini ya chombo. Ama kuitia katika injini ya dizeli, hiyo ni kadhia nyingine: shahamu ya ng'ombe haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 40 na zaidi, hivyo hata katika hari yetu hii huganda na kuziba mirija, isipokuwa kwanza ichujwe, kisha ichanganywe na methanoli na kostiki soda. Methanoli ni sumu iwezayo kumpofusha mtu, na kostiki huunguza ngozi. Nawasihi kwa dhati, jambo hili msilijaribu jikoni. Tena kilo moja ya shahamu huzaa takriban lita moja tu ya mafuta ya injini, na watengeneza sabuni nao wanaitaka shahamu hiyo hiyo.

Kuyatumia mabaki ambayo machinjio yangeyatupa shimoni naona ni halali na ni busara. Bali kumchinja mnyama kwa ajili ya tangi ni israfu. Tena asili ya shahamu si jambo dogo kwa watu wa dini: mwaka 1857, huko India, habari kwamba risasi zimepakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ziliwachochea askari, Wahindu kwa Waislamu, kuasi. Basi kabla ya kununua, muulizeni muuzaji shahamu ni ya mnyama gani, na imetoka machinjio yapi.