Matone ya Macho Hayauzwi kwa Mazoea

Msikilizaji, leo ni matone tena, na nitayasema mpaka yaeleweke. Mtoto ana mzio, macho yanamwasha, anayafikicha mpaka yanaiva. Mama anakwenda duka la dawa na chupa tupu: "Nipe kama hii." Anapewa, bila cheti! Wekundu unakata, na chupa inakuwa ya nyumba nzima. Baba akitoka kuchomelea vyuma, anadondoshea. Jirani naye anaazima.

Isomeni hiyo chupa! Jina likiishia na "sone" au "solone", kama dexamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Inatuliza, sikatai. Lakini kwa watu wengine, ikitumika wiki baada ya wiki, maji ya ndani ya jicho hukosa pa kutokea, presha ya jicho inapanda, na mshipa wa fahamu wa jicho unakufa kidogo kidogo. Hiyo ndiyo glakoma, na mara nyingi haiumi! Mtoto anaona mbele vizuri, pembeni kumezimika. Anagonga bega mlangoni, nanyi mnamwita mzembe. Steroidi huleta na mtoto wa jicho pia, ila huo hupasuliwa mtu akaona tena. Glakoma ikishakula nuru, hakuna wa kuirudisha.

Kuna mkulima alikwaruzwa jicho na jani la muhindi, shemeji akamgawia matone yake ya steroidi. Maumivu yakapoa, kumbe fangasi wanastawi humo ndani. Alipofika hospitali, kioo cha jicho kilikuwa cheupe. Huruma gani hiyo, ya kugawana dawa?

Nanyi wa mkorogo, mnaopaka mpaka kwenye kope: krimu nyingine za kujichubua zina steroidi kali, na jicho halipo mbali.

Mwenye vidonge vya steroidi kwa ajili ya pumu, baridi yabisi au lupasi, usikimbilie kuvitupa. Ukikatisha ghafla dawa uliyoizoea muda mrefu, unaweza kuanguka vibaya, kwa sababu mwili umeacha kujitengenezea homoni yake. Mwambie daktari akupangie vipimo vya macho.

Na matone ya steroidi ukiyatumia kupita wiki mbili, nenda kliniki ya macho upimwe presha ya jicho. Ya jicho, nasema. Siyo ile ya kufungwa mkanda mkononi.